Mbona wengine unawauzia? Mkaza mwana, mama mkwe na vidonge vya diklo

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Naishi Tanga na mume wangu, watoto wetu watatu na mama mkwe, nyumba moja. Nafanya kazi kwenye duka la dawa muhimu. Nilisomea kozi ya utoaji dawa na cheti changu kimetundikwa ukutani pale dukani. Nalisema hili mwanzo kwa sababu ndilo linaloniponza.

Mama mkwe ana miaka sitini na ushee, mjane. Mume wangu na dada yake wamesomeshwa kwa vitumbua. Mpaka leo anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, anakaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, na jua likichomoza wateja wameshajaa barazani. Magoti yote yanamuuma, la kulia zaidi. Akiinuka unalisikia linavyolia. Alipigwa picha akaambiwa limesagika. Amekunywa maji ya bamia ili ute urudi, amechuliwa kwa mafuta ya nyonyo, mwishowe akatua kwenye diklofenaki, diklo kama tunavyoiita.

Zamani alikuwa anameza akizidiwa tu. Siku hizi ni kila siku, kimoja cha miligramu 50 kabla ya kukaa jikoni na kingine usiku. Juu ya hapo, wifi yangu yuko Muscat anafanya kazi, na kila akipata mtu anayerudi anamtumia mama boksi la dawa. Mama anaviita "vya Uarabuni" na anaviamini kuliko vya hapa. Jina la kwenye boksi ni jingine kabisa. Siku moja nililigeuza nikasoma maandishi madogo: diklofenaki, miligramu 100, ile inayoyeyuka taratibu. Kumbe siku za soko anameza vyote viwili, vya hapa na vya kule, akidhani ni dawa mbili tofauti zinazosaidiana.

Shangazi, mama ana presha. Anatumia losartan na kidonge cha kukojosha. Ramadhani alifunga yote, diklo anameza baada ya daku na nyingine adhana ya magharibi ikilia, kabla hata ya tende. Mwezi ulipoisha miguu ikavimba na presha ikasoma 170 kwa 100. Kliniki wakamwongezea amlodipine. Hakuna aliyemuuliza kama anatumia dawa ya maumivu, naye hakusema, maana kwake diklo ni kama Panadol tu, haihesabiki.

Basi nikagoma. Nikamwambia mama, kwa adabu, kwamba diklo sileti tena. Nilimpa omeprazole za kulinda tumbo, nikamwambia ajaribu Panadol. Alikaa nazo siku chache, akasema Panadol ni ya watoto wenye homa. Sasa anamtuma mjukuu duka jingine, anauziwa bila kuulizwa. Jirani naye amemshauri akachome sindano, eti sindano haipiti tumboni kwa hiyo haina madhara. Naona amekuwa teja wa diklo. Akikosa siku mbili analia.

Kilichonimaliza ni maneno ya barazani. Aliwaambia wenzake, mkaza mwana wangu anauza dawa mji mzima, mimi ananinyima. Nilipomfuata kumuomba asinitangaze, akanitazama akaniuliza, "Mbona wengine unawauzia?" Sikuwa na jibu. Ni kweli, Shangazi. Wabeba mizigo, mafundi, kina mama wa sokoni, wanakuja wanasema nipe diklo za mia tano, nahesabu nafunga. Nikiuliza maswali mengi mwenye duka ananikata jicho.

Mume wangu amesema, "Mpe mama dawa yake, wewe si daktari." Wifi ametuma sauti kwenye simu kwamba tunamtesa mama.

Nimefikia kuwaza jambo ambalo naona haya kuliandika. Dukani kuna vidonge vya vitamini vinavyofanana na diklo za kopo, rangi na ukubwa. Macho ya mama hayaoni vizuri. Nikimfungia hivyo kwenye kipakti atafurahi, nyumba itatulia, na figo zake zitapumzika. Je, nitakuwa nimekosea?

Nikimnyima akaanguka, watasema nilimnyima. Nikimpa akaanguka, nitajua mwenyewe nilichompa.

Mkaza Mwana, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako ina mambo mawili yaliyoshikana: dawa, na nafasi yako ndani ya nyumba ya mama wa mtu. Ukiyajibu kwa pamoja utachoka. Nitaanza na dawa. Nimemshirikisha mfamasia ninayemtegemea kwa maswali ya namna hii, na mengi ninayoyasema hapa tumeyapitia pamoja. Lakini mimi na yeye hatujamwona mama. Wewe unamwona kila siku.

Kwanza neno "teja", naomba uliweke pembeni. Diklo haina ulevi ule wa heroini wala wa dawa kali za maumivu kama tramadol. Mama akikosa siku mbili analia kwa sababu goti bado limesagika na dawa iliyokuwa inatuliza imeondoka. Ukimwita teja, hata moyoni tu, utaanza kumchunga badala ya kumsikiliza, naye atalihisi hilo kabla hujafungua mdomo.

Pili, umeona sawasawa kwamba kuna hatari. Wewe muuzaji unajua hatari hizo kwa majina. Acha nikueleze kwa nini zinatokea, maana huenda maelezo hayo ndiyo yatakayokusaidia kuzungumza na mama. Mwilini kuna vitu vinaitwa prostaglandini. Ndivyo vinavyoleta uvimbe na maumivu pale goti linapowaka. Mwingereza John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini na jamaa zake, diklo ikiwemo, hufanya kazi kwa kuzuia mwili usivitengeneze, na mwaka 1982 akawa mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Shida ni kwamba prostaglandini hizohizo ndizo zinazolinda utando wa tumbo na kuweka wazi mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Kidonge hakijui kuchagua goti. Kinazima kote.

Hapo ndipo jirani yenu anapokosea kuhusu sindano. Vidonda vya tumbo vya diklo haviletwi tu na kidonge kukwaruza tumbo kinapopita. Dawa ikishaingia kwenye damu, kwa mdomo au kwa msuli wa tako, inafika tumboni na kuondoa ulinzi. Kumeza baada ya kula kunapunguza kichefuchefu na kiungulia, lakini hakuzuii kidonda. Tena wazee wanaweza kutoka damu tumboni bila kuumwa tumbo hata kidogo, kwa hiyo mama akisema "mbona tumbo langu zima," hilo peke yake halitoshi kututuliza. Omeprazole uliyompa inasaidia upande huo wa tumbo, hukukosea. Kwenye figo, presha na moyo haina lolote la kufanya.

Kuhusu figo za mama, soma taratibu. Figo huchuja damu kwa msukumo. Prostaglandini huacha wazi mshipa unaoingiza damu. Losartan hulegeza mshipa unaoitoa. Kidonge cha kukojosha hupunguza maji mwilini. Kila moja kwa nafasi yake, figo inavumilia. Ukiongeza diklo, mshipa wa kuingizia unabanwa wakati ule wa kutolea umelegea na maji ni machache, na msukumo unaanguka. Dawa hizo tatu kwa pamoja ni mchanganyiko ambao madaktari wanauogopa kweli, hasa kwa mzee, na hasa siku za kuharisha, kutapika, au za kufunga kwenye joto la Tanga bila tone la maji mchana kutwa. Ramadhani uliyonisimulia ilikuwa na hayo yote.

Kisha presha. Dawa za kundi hili hushikilia chumvi na maji mwilini, hupandisha presha, na hupunguza nguvu ya losartan. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba ile amlodipine iliongezwa kutibu presha iliyopandishwa na diklo, na kama kliniki wangejua wangeanza kwingine. Inawezekana, mwanangu, usiende nyumbani ukaitangaza kama hukumu. Miguu kuvimba kunaweza kuletwa na diklo, na figo, na moyo uliochoka. Amlodipine nayo huvimbisha miguu, ingawa uvimbe wa mama ulikuja kabla yake. Umejiaminisha kwamba ukiondoa diklo kila kitu kitanyooka. Huenda. Lakini kuna vitu vya kupima kwanza.

Mumeo na wifi watauliza, hatari hiyo ni kubwa kiasi gani? Nina takwimu moja ninayoiamini, ya mwaka 2013, iliyokusanya majaribio mengi pamoja: watu 1,000 wakitumia diklofenaki kwa dozi kubwa, miligramu 150 kwa siku, kwa mwaka mzima, takriban watatu zaidi ya kawaida hupata shambulio la moyo, kiharusi au pigo kama hilo, na mmoja wao hufa kwalo. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuisoma namba hiyo akasema, nitajihatarisha. Kwa mwenye presha isiyoshuka, hatari ya kuanzia tayari iko juu, na nyongeza inakua nayo. Siku za soko mama yako mkwe anafikia miligramu 200, ilhali mwisho wa dozi kwa siku ni 150. Hilo la kuchanganya vya Muscat na vya hapa halina mjadala wa "labda", na nadhani hata mumeo akionyeshwa maandishi ya kwenye boksi hatabisha.

Hofu yako wanayo na wengine. Mwaka huohuo wa 2013 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilisema wenye ugonjwa mkubwa wa moyo au waliowahi kupata kiharusi wasipewe diklofenaki, na Januari 2015 Uingereza ikaacha kuuza vidonge vyake bila cheti cha daktari. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ina ibuprofen na aspirini, diklofenaki haimo. Hata hivyo inabaki kuwa dawa halali, inayotibu, na kwa watu wengi kwa siku chache hufanya kazi yake ikaondoka salama. Nasema haya usije ukaanza kuiogopa kama sumu ya panya.

Sasa vidonge vya vitamini.

Naelewa ulivyofika hapo. Umechoka kupigana, na hila hii inaonekana haina wa kumdhuru. Lakini jaribu kuifuata mpaka mwisho. Vitamini hazitulizi goti. Usiku wa kwanza mama ataumwa, wa pili pia. Atasema hizi diklo za siku hizi zimekwisha nguvu, aongeze kimoja, viwili, kisha ageukie boksi la Muscat, au sindano ya jirani. Ukifika hapo hujui tena anameza nini, na ulichokuwa unakilinda kimetoka mikononi mwako. Na siku atakayogundua, maana kuna mjukuu na kuna majirani wenye macho, kila utakachompa baadaye kitakuwa na shaka, pamoja na dawa za presha anazozihitaji kweli. Na wewe una cheti ukutani. Kumpa mtu kidonge kwa jina lisilo lake ni jambo ambalo ungemshtaki mwenzako kwalo. Hukuniuliza nikukataze, umeuliza kama utakuwa umekosea. Mimi nakuuliza: ungeweza kumwambia mumeo ulichofanya, usiku huohuo?

Kuna jambo moja katika barua yako naona limepita haraka. Uliondoa diklo ukaweka Panadol, basi. Kwa mama ilikuwa kama umemnyang'anya mkongojo ukampa pole. Paracetamol, ndiyo hiyo Panadol, kwa goti lililosagika husaidia kidogo sana, na wengine haiwasaidii kabisa. Aliposema ni ya watoto wenye homa hakuwa mbishi tu. Kama anaendelea nayo, asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, na mzee mwenye mwili mdogo apunguze, kwa ajili ya ini.

Kipi kingine kipo? Diklofenaki ya kupaka, ile jeli, kwa goti ina ushahidi mzuri, na dawa inayoingia kwenye damu ni sehemu ndogo tu ukilinganisha na kidonge. Miongozo ya tiba ya Uingereza huiweka mbele ya vidonge kwa ugonjwa huu. Ubaya wake: ni ghali kuliko diklo za mia tano, hupakwa mara kadhaa kwa siku, inataka subira ya wiki kadhaa, na mama akiipaka huku anaendelea kumeza atakuwa ameongeza badala ya kubadili. Wifi yako anatuma dawa kwa mapenzi. Je, ukimpigia simu ukamwomba, badala ya boksi lile, atume jeli? Mpe kazi ya kufanya. Mtu aliye mbali akikatazwa kusaidia hugeuka mchongezi, na si kwa ubaya.

Halafu kuna kigoda. Hili nimelifikiria kuliko yote. Mtu mwenye magoti yaliyosagika anakaa chini kabisa, magoti yamekunjwa, saa nzima na zaidi kila alfajiri. Jiko likiinuliwa juu ya meza ya matofali na mama akakalia kiti cha kawaida, goti halikunjwi hivyo tena. Swala vilevile, anayeumia kusujudu ana ruhusa ya kuswali kwenye kiti, na imamu wa msikiti wenu atamweleza vizuri kuliko mimi. Bakora naye ashike mkono wa kushoto, kwa kuwa goti baya ni la kulia. Na mazoezi: akae kitini, aunyooshe mguu mbele, ahesabu mpaka tano, aushushe, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Nyama za paja zikipata nguvu hulipunguzia goti mzigo. Najua linavyosikika ukilinganisha na kidonge kinachotuliza ndani ya saa moja. Mazoezi ni ya polepole na mama anaweza kukucheka. Hukunieleza mwili wake. Kama ni mzito, kila kilo akiipunguza goti linapunguziwa karibu kilo nne kwa kila hatua.

Daktari anaweza kufikiria njia nyingine: sindano ya ndani ya goti, ambayo hutuliza kwa wiki kadhaa, au kubadili dawa, maana ibuprofen kwa dozi ndogo na naproxen huonekana na hatari ndogo zaidi kwa moyo, ingawa kwa figo na tumbo hazina huruma. Upasuaji wa kubadilisha goti unafanyika Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Mifupa, MOI, lakini gharama yake ni mazungumzo ya familia nzima. Na inawezekana pia daktari, akishaona vipimo, akasema mama aendelee na diklo kidogo, kwa siku mbaya tu, na omeprazole, na presha ikipimwa mara kwa mara. Ikiwa hivyo, wewe utaipokea? Jiulize mapema. Maana kama jibu pekee unaloweza kulivumilia ni "hapana", basi mumeo hajakosea sana anaposema umejifanya daktari.

Neno lake hilo, kwa kweli, naona kama mlango. Mwambie, ni kweli, mimi si daktari, kwa hiyo tumpeleke kwa daktari. Tena ampeleke yeye, mwanawe wa kumzaa. Mama mkwe akisikia "punguza" kutoka kwako anasikia mkaza mwana anayetawala nyumba. Akisikia kwa mwanawe akiwa ameshika kadi yake ya kliniki, anasikia jambo jingine. Hospitali nyingi za serikali zina dirisha la wazee, na wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana msamaha wa gharama. Ulizeni utaratibu kabla hamjatoka nyumbani. Kama mumeo atasita, kuna shangazi mtu, au somo yake mama, mwanamke wa rika lake ambaye anaweza kukaa naye ukumbini bila wewe kuwepo?

Nirudi kwenye swali la barazani. "Mbona wengine unawauzia?" Nadhani mama alilisema kwa hasira, lakini ni swali la haki na nadhani linakuuma kwa sababu hiyo. Wale wabeba mizigo wengine wana presha wasiyoijua. Miongoni mwa kina mama wa sokoni wapo wajawazito, na dawa za kundi hili kuanzia wiki ya 20 ya mimba zinaweza kuathiri figo za mtoto tumboni. Sikwambii uache kazi wala ugombane na mwenye duka. Wewe ndiye unayejua mkate wenu unatoka wapi. Ila maswali matatu hayachukui dakika: una presha au ugonjwa wa figo au moyo, umewahi kuwa na vidonda vya tumbo, una ujauzito? Na kuandika kwenye kipakti "siku tatu tu" hakumfukuzi mteja. Baadhi watakasirika. Mwenye duka atakukata jicho tena. Lakini siku mama akikuuliza lile swali mara ya pili, utakuwa na la kumjibu.

Kuna alama ambazo zikitokea msisubiri siku ya kliniki: choo cheusi cha kunata kama lami, kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, mkojo kupungua sana, kuhema akilala chali, maumivu ya kifua, mdomo kwenda upande au mkono kulegea ghafla. Waeleze watu wote wa nyumbani, hata yule mjukuu anayetumwa dukani.

Kabla ya yote hayo, tafuta jioni moja ambayo hamjagombana, umkalie mama karibu, umuulize anaogopa nini akiacha vile vidonge. Usimweleze kitu. Muulize tu. Mimi nina wazo langu: mwanamke aliyesomesha watoto kwa vitumbua huenda haogopi maumivu yenyewe, anaogopa asubuhi atakayoshindwa kuinuka akaanza kumwomba mwanawe hela ya sabuni. Kama ndivyo, basi meza ya matofali na msichana wa kumsaidia kubeba ndoo ni sehemu ya tiba, na mumeo ana kazi ya kufanya kuliko kukwambia umpe dawa yake. Kama sivyo, atakwambia mwenyewe, nami nitakuwa nimekisia vibaya.

Mkienda kliniki, tieni vidonge vyote kwenye mfuko mmoja, vya hapa, vya Muscat, vya presha, hata vya mitishamba kama vipo, maana baadhi ya mitishamba ya viungo imewahi kukutwa imechanganywa na dawa za hospitali kama prednisolone. Mumeo aseme wazi mama anameza diklo ngapi kwa siku na tangu lini. Ombeni apimwe kriatinini ya figo na wingi wa damu, presha ipimwe akiwa ametulia, na muulize kama amlodipine bado inahitajika. Chagueni siku ambayo si ya soko.

Shangazi